Kutu ya shasi haifichwi na rangi
Pikapu yetu kuukuu ilivyotibiwa Gisozi



Wengi mmetuuliza ile pikapu nyeupe ya kikundi, iliyokuwa ikipandisha unga, sabuni na mafuta ya kula kutoka Karongi mpaka hapa Kiziba, ilipotelea wapi muda wote ule. Wengine walisema imeuzwa. Wengine wakasema eti imekamatwa na polisi. Haikuuzwa wala haikukamatwa. Ilikuwa Gisozi, Kigali, imevuliwa karoseri ya nyuma na kulazwa juu ya magogo, inakatwa shasi na kuchomewa upya. Tumeona tuwaelezee habari yote bila kuficha, pamoja na makosa yetu, kwa sababu tunajua kuna vikundi vingine hapa kambini vinavyoweka pesa polepole ili vinunue gari.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya magari: shasi ni ule uti wa mgongo wa chini. Ni vyuma viwili virefu kutoka mbele mpaka nyuma, vimeunganishwa na vyuma vya kukingama, na juu yake ndiyo injini, kabini, sanduku la mizigo, springi na tangi vinakaa. Gari ndogo nyingi hazina shasi ya namna hii, lakini pikapu, malori na jipu kubwa kubwa zinayo. Mlango ukiliwa na kutu, mvua inaingia ndani, basi. Shasi ikiliwa, gari inaweza kukunjika katikati ikiwa na mzigo na watu. Na barabara yetu ya kupanda kutoka Karongi mnaijua wenyewe: kona juu ya kona, na bonde liko hapo pembeni.

TULIVYONUNUA BILA KULALA CHINI

Sisi ni nyumba saba. Tulianza na likelemba ya kawaida, kila mtu anapokea kwa zamu, halafu tukakubaliana zamu zote ziwekwe pamoja kwa ajili ya gari. Ilituchukua miaka. Mwishowe tukapata Toyota Hilux yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, kwa mtu mmoja mjini Kigali. Tuliwasha injini, ikaitika mara moja. Tuliangalia matairi, taa, siti, hata redio. Mmoja wetu aliinama kidogo, akaona chini kumepakwa rangi nyeusi inayong'aa, akasema, "Huyu mtu alitunza gari yake." Tukalipa.

Hapo ndipo kosa letu la kwanza. Rangi nyeusi mpya chini ya gari ya zamani si alama ya kutunzwa. Ni sababu ya kuuliza maswali. Gari ambayo haina cha kuficha inakuwa na vumbi, tope kavu na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, ambayo unaipangusa na kidole. Ile nyeusi ilikuwa rangi ya lami, imepakwa juu ya tope na juu ya kutu. Tulinunua rangi.

Baada ya miezi kadhaa dereva wetu akaanza kulalamika. Alisema gari ikibeba mzigo, inavuta upande wa kushoto. Siku moja alimwita mama mweka hazina akamwonyesha nafasi iliyo kati ya kabini na sanduku la mizigo. Upande wa juu ilikuwa imebana, kidole hakipiti. Upande wa chini ilikuwa wazi, mkono mzima unaingia. "Mama, hii gari inajikunja," akasema. Sisi tukadhani ni raba za kabini zimechoka. Tukaendelea kubeba magunia, na kusema kweli tukaendelea kubeba na watu, pamoja na watoto wa shule siku za mvua. Bado tunaona baridi tukifikiri jambo hilo.

Muda wa kontrole tekiniki ukafika. Gari ya biashara inatakiwa kukaguliwa mara mbili kwa mwaka, na sisi tuliipeleka kwenye kituo cha polisi cha Remera. Mkaguzi alishuka kwenye shimo na tochi. Hakukaa sana. Aliporudi hakuongelea taa wala breki kwanza, aliuliza tu nani alituuzia gari hii. Karatasi ikaandikwa kwamba shasi imeoza, gari isibebe mzigo mpaka itengenezwe na kurudishwa.

KUTU INATOKA WAPI WAKATI HATUNA BAHARI?

Swali hili tulimuuliza kila fundi. Rwanda haina bahari, na maji ya Kivu hayana chumvi. Mbona chuma kinene namna ile kinaliwa?

Kutu inahitaji vitu viwili tu, maji na hewa. Chumvi haianzishi kutu, inaiharakisha, na inaiharakisha sana. Sasa fikirini magari yetu yanatoka wapi. Hapa Rwanda usukani ni wa kushoto, kwa hiyo magari mengi ya mitumba yametoka Ulaya na kwingine wanakoendesha upande wa kulia. Katika nchi za baridi, wakati wa theluji serikali inamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Matairi yanairusha chumvi ile yenye maji mpaka chini ya gari, inaingia ndani ya shasi kupitia matundu, inakaa humo miaka. Halafu gari inapanda meli, inafika Mombasa au Dar es Salaam, inapandishwa mpaka Kigali. Inafika kwetu imepakwa rangi na imeoshwa siti, lakini chumvi imekuja nayo.

Kutoka hapo sisi tunamalizia na tope. Shasi ya pikapu nyingi ni kama sanduku refu lenye matundu. Tope la mvua za Machi mpaka Mei linaingia, linakauka juu, linabaki bichi ndani. Chuma kinakaa kimevaa nguo mbichi mwaka mzima. Kwa hiyo kutu ya shasi inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona nje imetoboka, jua ndani imekwisha zamani. Tena kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana mkiona vyuma viwili vilivyobanana vimeanza kuvimba katikati kama mkate, kuna kutu humo inasukuma.

Msidhani haya ni mambo ya gari za maskini peke yake. Mwaka 2008 kampuni ya Toyota ilitangaza huko Marekani kwamba itashughulikia shasi zilizooza za pikapu zake aina ya Tacoma za mwaka 1995 mpaka 2000. Zile zilizokuwa zimeharibika sana, kampuni ilizinunua tena kutoka kwa wenyewe kwa bei ya mara moja na nusu ya thamani yake. Baadaye, mwaka 2016, ilikubali mapatano mengine mahakamani juu ya magari karibu milioni moja na nusu, ambayo gharama yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Mambo haya yalihusu sana majimbo ya baridi yanayomwaga chumvi. Kama waliotengeneza gari wenyewe waliogopa kutu ya shasi kiasi hicho, sisi tunaopanda Kiziba na magunia ni nani tuidharau?

Na kuna wanaopenda zile Land Rover za zamani, kwa sababu wanasema haziozi. Ni kweli nusu. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha shida baada ya vita, wakatumia aluminiamu kwa mwili wa gari. Aluminiamu haipati kutu. Lakini shasi yake ni chuma. Utaiona gari juu nzuri kabisa, na chini hakuna kitu.

FUNDI WAWILI, MANENO MAWILI

Garaji ya kwanza tuliyokwenda, ambayo hatutaitaja, ilituambia ni kazi ya siku moja. Watapiga bati juu ya matundu, watachomea pembeni, watapaka rangi nyeusi, na tutapita kontrole. Bei ilikuwa ndogo. Tulifurahi, tukarudi kwa wenzetu kuleta habari.

Mwenzetu mmoja, ambaye zamani kule Goma aliwahi kuwa msaidizi wa lori, alikataa. Alisema bati juu ya kutu ni kama kufunga bandeji juu ya jipu. Kwanza moto wa kuchomea haushiki kwenye kutu, unashika kwenye ganda tu. Pili, kutu iliyofunikwa inaendelea kula gizani. Baada ya mwaka lile bati litakuwa zima kabisa, limening'inia kwenye hewa. Akasema twende Gisozi tukatafute mtu wa vyuma, si mtu wa rangi.

Gisozi wengi tunaijua kwa ajili ya Ukumbusho wa mauaji ya kimbari, uliofunguliwa mwaka 2004. Lakini kwa watu wa kazi za mikono, Gisozi ni Gakiriro. Zamani watengeneza vitanda, madirisha na milango walikuwa katikati ya mji, mahali palipoitwa Gakinjiro, jina linalokumbusha machinjio. Walipohamishiwa Gisozi jina likageuzwa kuwa Gakiriro, kutoka neno la Kinyarwanda gukira, ambalo maana yake ni kupona na pia kutajirika. Leo kuna majengo ya ghorofa, mbao, magodoro, maduka ya vifaa vya ujenzi, na mistari ya watu wa kusudira, ndiyo kuchomea vyuma. Ukitaka pleti ya chuma ya unene wowote, hapo unaipata, na mtu wa kuikunja yuko karibu. Jirani yake ni Gatsata, kwenye magaraji na vipuri vya magari. Kwa kazi yetu tulihitaji sehemu zote mbili.

Fundi tuliyempata ni mzee wa maneno machache. Hakuangalia rangi. Aliomba nyundo ndogo na bisibisi, akalala chini kwenye karatasi ya boksi, akaanza kugonga shasi kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele chuma kililia vizuri, ngi, ngi, ngi. Alipofika nyuma ya kabini upande wa kushoto, sauti ikabadilika, ikawa pu, pu. Akachukua bisibisi akasukuma kwa mkono tu. Iliingia kama kwenye papai. Kilichomwagika kutoka ndani kilijaza kofia yake: maganda ya kutu, tope kavu, na majani.

"Mzee, sasa tutafanya namna gani?" mama mweka hazina akauliza.

"Mama, bado sijajua kama inafaa kutengenezwa," akajibu. "Mniache nimalize kugonga."

Neno hilo ndilo lililotufanya tumwamini. Alieleza kwamba kama kutu ingekuwa mahali usukani unapofungwa, au mahali mikono ya tairi za mbele inaposhikilia, yeye asingegusa. Kama ingekuwa mahali pengi pengi pande zote mbili, angetushauri kutafuta shasi nyingine nzima. Tena alitukumbusha jambo ambalo hatukulijua: namba ya shasi imegongwa kwenye chuma chenyewe, na ndiyo namba iliyo kwenye ile karatasi ya manjano ya gari. Ukibadilisha shasi, au ukikata mahali pa namba, lazima uende kueleza kwa wanaohusika na uandikishaji kabla, si baada. Bila hivyo gari yako itaonekana ya wizi.

Yetu ilikuwa imeoza mahali pamoja, kama sentimita sitini hivi, kuanzia nyuma ya kabini mpaka karibu na kishikio cha springi ya nyuma. Upande wa kulia ulikuwa na kutu ya juu tu. Kumbe hapo ndipo pikapu nyingi zinaoza, pale shasi inapoanza kupanda kupita juu ya eksoli ya nyuma. Tope linakusanyika pale na halitoki.

Bei aliyotaja ilikaribia theluthi ya pesa tulizonunulia gari. Tulikaa jioni ile kwa ndugu yetu mmoja mjini, hakuna aliyetaka kula. Mmoja akasema, kwa sauti ya chini, kwa nini tusifanye kama tulivyofanyiwa? Tuirudie ile garaji ya kwanza, ipakwe rangi, tuiuze. Hatukumlaumu, pesa zile zilikuwa zake na za watoto wake. Mama mmoja mjane, ambaye alikuwa ameweka fungu dogo kuliko wote, akauliza tu, "Na ule atakayenunua, watoto wake si watu?" Kikao kikaishia hapo. Kesho yake tukatafuta mkopo wa kuongezea.

KAZI YENYEWE

Ilichukua siku tisa. Tutaeleza kwa urefu kidogo kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza kuchomea.

Siku mbili za kwanza hakuna moto uliowashwa. Walitoa betri, kwa sababu umeme wa kuchomea ukipita penye vyombo vya gari unaviua. Walitoa sanduku la mizigo. Walitoa tangi la mafuta na kuliweka mbali kabisa. Fundi alisema tangi tupu ni baya kuliko tangi lililojaa, maana mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Walifungua paipu za breki zilizopita karibu, na zenyewe zikaonekana zimeliwa, zikabadilishwa. Halafu wakaosha chini yote kwa maji ya nguvu, wakakwangua, wakasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe kikaonekana.

Kabla ya kukata, shasi iliwekwa juu ya vigogo na jeki, huku na huku ya mahali pa kukatwa, ili isishuke. Fundi alipima kwa utepe kutoka tundu la bolti la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia, na kutoka la mbele kulia mpaka la nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Vyetu havikulingana, shasi ilikuwa imekwisha kuinama kidogo. Aliiinua polepole na jeki, anapima, anainua, mpaka vikalingana. Asubuhi nzima ilipita hapo. Mtu anayekata kabla ya kupima atakuletea gari inayotembea kama kaa.

Kukata kulifanywa na grainda, na hawakukata kwenye tundu. Walikata mbele zaidi na nyuma zaidi, mpaka pale chuma kilipokuwa kizima. Mzima kilipima karibu milimita 3. Kile kilichooza, penye unene mkubwa, hakikufika milimita 1. Tulikiweka kile kipande, kiko kwa mama mweka hazina, anayetaka kukiona aende.

Pleti mpya ya milimita 3 ilinunuliwa palepale Gisozi, ikakunjwa kwa mashine kuwa vipande viwili vya umbo la U, vikaingiliana na kufanya sanduku. Tulishangaa kwa nini hakutaka nene zaidi, milimita 6 kwa mfano, tuwe na uhakika. Akasema shasi inatakiwa kunyumbuka kidogo yote pamoja. Ukiweka sehemu moja ngumu kupita kiasi, chuma laini kilicho pembeni yake ndicho kitakachokatika. Pia alikataa bati lililopakwa zinki, yale ya mabati ya nyumba. Zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku.

Mahali kipande kipya kinapokutana na cha zamani, hakutegemea mshono mmoja uliosimama wima. Aliongeza kwa pembeni pleti zenye ncha mbili zilizochongoka, umbo la samaki. Mshono wa wima ni kama mstari uliochorwa kuonyesha mahali pa kukatika. Mshono wa mshazari unagawa nguvu.

Halafu moto. Alitumia zile bageti zinazoitwa 7018, ambazo zinashika kwa nguvu lakini hazitaki unyevu hata kidogo. Alizitunza kwenye kopo lililofungwa vizuri, na siku ya mvua hakuchomea kabisa. Hakuchomea mstari mrefu kwa mara moja. Alichomea urefu wa vidole viwili, akahamia upande mwingine, akarudi, kama mama anayeshona kwa mishono ya mbali kwanza. Moto mwingi mahali pamoja unapinda chuma. Kijana msaidizi alitaka kumwagia maji ili kazi iende haraka, mzee akamshika mkono. "Acha ipoe yenyewe," akasema. Chuma kilichopozwa kwa maji kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika.

Mwisho wa kila siku alichukua vipimo vile viwili tena.

Baada ya kuchomea, walisaga mishono kidogo tu kuona kama kuna matundu, wakapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, wakaiacha ikauke sawasawa. Kwa ndani, ambako rangi ilikuwa imeungua, walipuliza nta ya majimaji kwa mpira mwembamba kupitia matundu. Kuna wanaopuliza oili chafu ya injini. Inasaidia, ndiyo, lakini inadondoka, inaharibu raba, na ina vitu vibaya kwa ngozi. Hapa kambini, ambapo maji ya mvua yanashuka kutoka kwa jirani wa juu kwenda kwa jirani wa chini, tunawaomba msifanye hivyo.

Kitu cha mwisho kilikuwa kidogo sana lakini sisi tulikiona cha akili kuliko vyote. Fundi alitoboa matundu mawili chini ya kile kipande kipya, kila moja la ukubwa wa kidole. Tukamuuliza, mzee, mbona unatoboa tena kitu ulichokiziba? Akacheka. Akasema maji yataingia tu hata ufanye nini. Kazi ni kuyaonyesha mlango wa kutokea.

MACHO YA WATOTO

Hapa tunaongea na wazazi. Kila mahali kuna mtu anachomea, kuna watoto wamesimama wanaangalia ule mwanga. Mwanga ule unachoma jicho kama jua linavyochoma ngozi, na hauumi saa ileile. Mtoto anakwenda kulala vizuri, halafu usiku anaamka analia, macho mekundu, anasema kuna mchanga ndani. Hilo likitokea, msimtie maziwa wala dawa ya miti machoni. Kaeni naye gizani, mfunike macho kwa kitambaa safi cha maji baridi, na asubuhi mpelekeni kwenye kituo cha afya. Miwani ya jua ya sokoni haitoshi kuangalia moto wa kuchomea.

Cheche nazo zina habari yake. Gakiriro la Gisozi liliungua mwaka 2021, likaungua tena 2023, na watu walipoteza mbao, mashine na mitaji ya miaka mingi. Hatusemi moto ule ulitokana na kuchomea. Tunasema mahali penye mbao, godoro na rangi, cheche moja inatosha. Fundi wetu aliweka ndoo mbili za mchanga, na kila jioni, kazi ikikwisha, kijana mmoja alibaki pale muda mrefu akiangalia tu. Cheche inaweza kulala ndani ya vumbi la mbao na kuamka watu wamekwenda nyumbani.

KWA WANAOTAKA KUNUNUA

Kabla ya kuhesabu pesa, nendeni na nyundo ndogo, bisibisi na tochi. Mwenye gari akikataa msigonge shasi yake, mshukuruni, mwondoke. Gongeni hasa nyuma ya kabini, juu ya eksoli ya nyuma, na kwenye vishikio vya springi, pande zote mbili. Tieni kidole kwenye matundu ya shasi mtoe kilichomo. Tazameni nafasi kati ya kabini na sanduku la mizigo gari ikiwa tupu, halafu wapandeni watu wanne nyuma mtazame tena. Ikiwezekana mlipeni fundi asiyejuana na muuzaji. Pesa ya fundi wa nusu siku ni kidogo mbele ya zile tulizolipa sisi.

Mkishanunua, osheni chini ya gari baada ya kila mvua kubwa, lakini si ziwani, maana mafuta na oili vitaingia kwenye maji ya watu wote. Na zibueni yale matundu ya kutolea maji. Kipande cha waya kinatosha.

Pikapu yetu ilirudi Remera, ikashuka kwenye lile shimo mara ya pili, ikapewa karatasi yake. Mkopo bado tunaulipa. Kwa sasa haibebi tena watu nyuma, hata siku za mvua. Tulipiga kura na likapita, ingawa kuna wazazi wamenuna na tunawaelewa. Kila mwanzo wa mwezi dereva anatandika boksi, analala chini na nyundo, na mama mweka hazina anasimama pembeni anasikiliza.